Ufunguo wa Ukumbi Ukae kwa Nani?

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa vyuo na wazee wa mji, Sumbawanga)



Kila kijana anayeingiwa na hamu ya michezo ya kuigiza huanza na habari ya nyumba. Husema: tupatieni jengo, hata likiwa kuukuu, hata likiwa bweni lisilo na vitanda au darasa lililoachwa likawa stoo ya viti vibovu, nasi tutaligeuza liwe ukumbi wa wananchi. Ombi hilo halina kosa, wala asitokee mtu wa kulicheka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, na hakikuhamia Mlimani mpaka mwaka 1964. Ikiwa elimu ya juu ya taifa iliweza kuanzia katika nyumba iliyojengwa kwa kazi nyingine, itakuwa ajabu michezo ya kuigiza kuona haya kuanzia katika bweni.

Aidha, paa si roho ya sanaa. Ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, uliteketea kwa moto mwaka 2002. Ilikuwa hasara kubwa, lakini chuo hakikufa, na ngoma hazikunyamaza.

Kwa hiyo nyumba ni sehemu nyepesi ya jambo hili. Sehemu nzito ni hii: mlango ukiisha kufunguliwa, nani atasema humo ndani, atasema habari za nani, na siku wanafunzi watakapofunga masanduku yao kwenda likizo, nani atabaki.

Swali hilo ni la zamani katika Afrika Mashariki. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, wakatoka chuoni na michezo yao ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Uganda, wakaionyesha mbele ya watu ambao hawakuwa wamepata kuingia katika ukumbi wa Kizungu hata siku moja. Hapana shaka ilikuwa hatua kubwa. Wakati huo wasomi wengi waliona kwamba sanaa ni kitu cha kufuatwa mjini, kwa tiketi, na kwa suti. Hata hivyo mchezo ulikuwa umekwisha kupikwa chuoni kabla gari halijawashwa. Mwanakijiji aliletewa chakula kilichoiva. Alikula, akashukuru, gari likaondoka.

Nchini Tanzania idara ya sanaa za maonyesho ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile. Penina Muhando, ambaye wasomaji wa baadaye wanamjua kwa jina la Penina Mlama, aliandika Hatia, Tambueni Haki Zetu na michezo mingine kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka asikilizwe na watu wanaosema Kiswahili. Hilo leo laonekana jambo la kawaida, lakini enzi hizo mwandishi aliyetaka sifa za ng'ambo hakuchagua njia hiyo.

Wakati huo huo, nje ya chuo, ngonjera za Mathias Mnyampala zilienea katika shule na mikutano ya hadhara. Kazi yake ilikuwa njema: alichukua shairi la kujibizana akalipa miguu ya kutembea jukwaani. Lakini hapana budi kusema ukweli juu ya yale ambayo wengi walikuja kuyafanya kwa ngonjera. Mjinga aliuliza, mjuzi akajibu, mjinga akauliza tena, mjuzi akajibu tena, na ubeti wa mwisho wote wawili walikubaliana. Haikupata kutokea mjinga akawa na hoja. Haikupata kutokea mkulima akamwambia bwana shamba kwamba mbegu zilichelewa. Watazamaji walipiga makofi, viongozi wakaridhika, na kila mtu akarudi nyumbani na mawazo yale yale aliyokuja nayo. Sanaa iliyogeuzwa kipaza sauti hupata utulivu wa watu, na si rahisi kujua kama utulivu huo ni wa kukubali au wa kuchoka.

Ndipo ikaja kazi ya Malya, katika Mkoa wa Mwanza, miaka ya 1982 na 1983. Wana Sumbawanga inawafaa kuijua, kwani jambo lililozungumzwa Malya wakati ule ni jambo la Rukwa leo. Walimu wa idara ile ya Mlimani, akina Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijijini bila mchezo mkononi. Walianza kwa kuuliza. Walikaa na vijana, na wazee, na walimu, wakataka kujua ni kitu gani kinachokisumbua kijiji. Miongoni mwa majibu yaliyotoka, zito lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Vijana wa Malya wenyewe ndio waliotunga na kucheza, kwa ngoma na nyimbo wanazozijua wao za Kisukuma, na kila onyesho lilipokwisha watazamaji hawakuachwa waende: mazungumzo yalianza pale pale.

Tofauti na ngonjera ni kubwa. Ngonjera ilimaliza swali kabla ya watu kuondoka. Malya waliondoka na swali. Na swali la mimba za wasichana si kama swali la mbolea, kwa maana mwenye kosa aweza kuwa ameketi mstari wa mbele, amevaa koti, na kila mtu anamjua. Mchezo wa namna hiyo huwatia watu wazima joto. Kikundi cha wanafunzi kinachotaka kupendwa na kila mtu kisiuguse.

Hesabu za Rukwa zinajulikana. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa taifa zima wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Katika Mkoa wa Rukwa walikuwa 30. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi shuleni. Katika siku za Malya msichana wa namna hiyo alifukuzwa na hadithi yake ikaishia hapo. Kwa hiyo mlango wa shule umefunguliwa kwa waraka. Lakini kati ya mlango huo na kitanda cha mtoto mchanga kuna baba aliyekwisha kusema kwamba fedha za sare hazipo tena. Kuna bibi ambaye ndiye atakayebaki na mtoto, naye ana shamba lake. Kuna wanafunzi wenzake watakaomwita mama fulani darasani. Kuna mwalimu ambaye hajui amwite nani. Na kuna kijana mwanamume ambaye hakuna anayemwuliza kitu. Waraka hauwezi kuwakalisha watu hao pamoja wakasemezana. Ukumbi waweza.

Lakini wataletwa na nani? Hapo ndipo mwanafunzi anapohitaji adabu ya mgeni. Nchini Botswana, kuanzia mwaka 1974, watu wa elimu ya watu wazima walifanya kazi ya maigizo vijijini iliyojulikana kwa jina la Laedza Batanani, na nchi nyingi za Afrika ziliiga. Baadaye baadhi ya waanzilishi wake wenyewe waliikosoa, kwa kuwa waliona kwamba mambo ya kuchezwa yalikuwa yakichaguliwa zaidi na maofisa kuliko na wanakijiji. Ni uungwana kujikosoa hadharani, wengine wangefunika. Huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, mambo yalikwenda kinyume: wakulima na vibarua walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakausahihisha mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakaucheza mwaka 1977 kwa Kikikuyu. Kibali kilifutwa mwezi Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwisho wa mwaka, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa na askari. Serikali ile haikuwa na ugomvi na mbao. Iliogopa watu waliokuwa wamezoea kusahihisha maandishi ya profesa, kwani mtu aliyezoea hilo hatakawia kusahihisha mengine.

Sasa Ufipa. Mwanafunzi anayefika hapa kutoka Dar es Salaam au Mwanza, akapanda uwanda huu uliosimama kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, akapigwa na baridi ya mwezi wa Juni ambayo hakuifungia blanketi, hudhani amefika mahali ambapo sanaa haijafika. Pengine amebeba utani alioupata njiani: kwamba jina la Sumbawanga, kama watu wanavyolieleza, lina maana ya kutupa uchawi. Mchezo wake wa kwanza utakuwa na mganga mwenye ungo, na vijana wa mjini watacheka. Kicheko hicho ni cha bei rahisi. Kama watu wa Ufipa wanataka kuzungumza juu ya uchawi na juu ya wale wanaoumizwa kwa kutuhumiwa, na waanzishe wao.

Kwa kweli sanaa ilifika Ufipa kabla ya chuo chochote. Wafua chuma wa Kifipa walijenga matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, ambayo mabaki yake yangali yakionekana katika uwanda huu, na kazi ya kuyeyusha mawe ilikwenda na nyimbo, miiko na dawa. Tanuru lilitunzwa kama bibi harusi. Hapo palikuwa na kiongozi, waimbaji, mavazi na tendo lenye mwanzo na mwisho, na mwishoni jembe lilipatikana. Mwingereza Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona sanaa ya maneno yao ni kubwa kiasi cha kuiandikia kitabu kizima, kilichotolewa Oxford mwaka 1978. Kitabu ni cha Kiingereza. Hadithi za mabibi wa Nkasi zapatikana kwa urahisi zaidi Uingereza kuliko katika kabati la shule ya Namanyere, na hilo ni jambo ambalo wanafunzi wenye kalamu na daftari wangeweza kuanza kulirekebisha juma lijalo, bila ukumbi.

Na ipo ile simulizi ya Milansi, ambayo wazee walioketi hapa wanaijua kuliko mtu yeyote. Mtawala wa Milansi alikwenda kuwinda, akimwonya mkewe kwamba wageni wakija asiwape kigoda cha enzi. Wakaja wanawake watatu wageni, wamechoka kwa safari. Mke akawa peke yake nyumbani na onyo la mumewe na uchovu wa wageni. Akawapa kigoda. Mume aliporudi, nchi ilikuwa na watawala wengine, na Milansi ikabaki na heshima yake ya kale lakini si utawala.

Jukwaa la mchezo huo ni kigoda kimoja. Taa hazihitajiki. Lakini tazama maswali yaliyomo: je, mwanamke yule alikosea, au alitenda kama mwenyeji anavyopaswa kutenda? Kwa nini onyo aliachiwa yeye na silaha zikaenda porini? Wanawake wale watatu walitaka kiti, au walitaka nchi? Mzee wa Laela atajibu hivi, mama wa Matai atajibu vile, na msichana aliyerudi shuleni akiwa na mtoto mgongoni huenda akawa na jibu la tatu ambalo hakuna aliyelitarajia. Wanafunzi waigize mpaka pale mke anaposhika kigoda, kisha wasimame, wamwulize mtazamaji: ungefanyaje? Mwanzo wa namna hiyo hauhitaji fedha za wafadhili wala ruhusa ndefu.

Limebaki jambo la kalenda, ambalo laonekana dogo. Mvua za Ufipa huanza Novemba, na tangu hapo mpaka Aprili mkulima yuko shambani na matuta yake. Mavuno huja kuanzia Mei, na mahindi na ulezi vikiisha kuingia ghalani, ndipo watu wanapopata nafasi: ndipo arusi, ndipo pombe ya ulezi, ndipo ngoma. Mwaka wa chuo huenda kinyume kabisa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi mkoani humu, na wanafunzi wake, kama wa vyuo vikuu vingine, huwapo madarasani wakati mkulima ana jembe mkononi, na huondoka kwa likizo ndefu wakati mkulima ameketi barazani akitafuta cha kusikiliza. Ukumbi unaoendeshwa na wanafunzi peke yao utakuwa wazi wakati hakuna wa kuja, na utafungwa kwa kufuli wakati watu wana nafasi.

Kwa hiyo kabla ya kuomba rangi, mapazia na mabenchi, na kabla ya kuandika jina la kikundi juu ya mlango, wanafunzi na wazee wa mji wakae wakubaliane juu ya kitu kimoja: kuanzia siku basi la mwisho la wanafunzi litakapoondoka kwenda Mbeya mpaka litakaporudi, ufunguo utakaa katika nyumba ya nani, na je, mwenye nyumba hiyo atakuwa na haki ya kufungua ukumbi na kuanzisha mchezo bila kumpigia simu mtu yeyote?