Mgonjwa ni Bahari au Kipimo?

Ndugu wakulima wa mwani wa Tanga na Pangani, kipimo cha chumvi nacho hukosea. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Kipimo kikisema 20, tusikimbilie kung'oa mwani mchanga. Kwanza tuoshe ncha yake kwa maji baridi, maana utelezi huipotosha. Kisha tuyeyushe gramu 35 za chumvi katika maji safi, yajae lita moja, tupime. Kisiposema karibu 35, mgonjwa ni kipimo. Kikisema, haya, turudi baharini. Wakati wa masika maji ya mto huelea juu. Basi tupime pale kamba zilipo. Hapo napo tukipata 20, mwani utapauka na kukatika. Tusingoje: tuhamishie kamba kwenye kina.