Mshindi Aulizwe, Asisengenywe

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)

Mtu akifika Bukene, wilayani Nzega, mkoani Tabora, hachukui muda kutambua kwamba ameingia katika nchi ya baiskeli. Pikipiki za bodaboda zimeingia kwa wingi, lakini baiskeli haijaondoka. Zipo zilizoegemezwa kwenye kuta za maduka, zipo zilizofungwa magunia ya mpunga na mkaa, na zipo zilizobeba madumu ya maji hata mwendeshaji haonekani. Kabla ya baiskeli, na kabla ya reli ya Mwanza kukamilika mwaka 1928, mizigo ya nchi hii ilikwenda juu ya mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Tabora na kuishia Bagamoyo. Kwa hiyo sisi wa huko hatuna haja ya kuelezwa nguvu za miguu ni kitu gani.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, leo nataka kuzungumzia jinsi tunavyoshindwa kuziamini nguvu hizo pale zinapomfikisha mtu kwenye ushindi. Nami nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, siku moja ya sikukuu yalifanyika mashindano ya baiskeli kutoka Bukene hadi Itobo na kurudi. Hazikuwa baiskeli za mashindano. Zilikuwa Phoenix na Swala zile zile za kubebea mizigo, zimevuliwa madigadi na keria ili ziwe nyepesi. Alishinda kijana mmoja mchoma mkaa. Aliwaacha wenzake mbali mno, kiasi kwamba watu walikuwa wamekwisha kuondoka barabarani na kukaa kivulini pale wa pili alipotokea.

Jioni ile ile maneno yakaanza kwamba kijana yule ana dawa. Na mimi, kwa ujinga wa kitoto na kwa kupenda kusikilizwa na wakubwa, nikasema kuwa juzi yake nilimwona akitoka nyumbani kwa mganga. Ni kweli nilimwona. Ila sikusema kwamba alipoingia alikuwa na magunia mawili ya mkaa, na alipotoka alikuwa hana hata moja. Alikwenda kuuza mkaa, kwani waganga nao hupika ugali.

Kulipokucha habari ilikuwa kwamba amechanjwa chale kwenye mapaja. Kufika mchana alikuwa amekwisha kuzungushwa makaburini usiku wa manane. Waandaaji wakaogopa kumpa zawadi yake, ambayo ilikuwa tairi mbili mpya na mipira yake, hadi mwezi ukapita. Mwaka uliofuata hakujiandikisha, wala mwaka uliofuata huo.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba nguvu za kijana yule zilikuwa na maelezo, na maelezo hayo yalipita mbele ya macho yetu kila siku. Alikuwa akisukuma magunia mawili ya mkaa katika barabara ya mchanga, kiangazi na masika, kwa miaka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoezi yake, ila hakuna hata mmoja wetu aliyeyaita mazoezi.

Ndugu wasikilizaji, nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu katika mashindano makubwa ya baiskeli duniani kuna mtu aliyeanzia hapa hapa Afrika Mashariki, ambaye sifa yake imepita katika tanuru la namna hiyo hiyo. Huyo ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Mwalimu wake wa kwanza wa baiskeli alikuwa Mkenya, David Kinjah, mwenye nywele za rasta, aliyekuwa akiwafundisha vijana katika kijiji kimoja cha Kikuyu, nje ya Nairobi. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Baadaye alihamia upande wa Uingereza, nchi ya asili ya wazazi wake, na akashinda Tour de France mara nne: mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017.

Tour de France si mbio za siku moja. Ni wiki tatu, hatua 21, na jumla ya kilomita zipatazo 3,400, pamoja na milima ya Alps na Pyrenees. Ni kazi inayomshawishi mtu kutafuta msaada usio halali, na wengi wameutafuta. Mwaka 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufa akipanda mlima Ventoux, na mwilini mwake zilikutwa dawa za kuchangamsha. Mwaka 1998 gari la timu ya Festina lilikamatwa mpakani likiwa na shehena ya dawa. Kisha akaja Mmarekani Lance Armstrong, aliyepona saratani na kushinda mara saba mfululizo, kuanzia mwaka 1999 hadi 2005. Dunia ilimwinua kama shujaa. Waliomtilia shaka aliwatukana na wengine akawaburuza mahakamani. Mwaka 2012 alinyang'anywa ushindi wote saba, na Januari 2013 akakiri kwenye televisheni kwamba alitumia dawa.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Froome alishinda mara ya kwanza Julai 2013, miezi sita tu baada ya Armstrong kukiri. Alilikuta deni ambalo hakulikopa yeye. Kila alipopanda mlima kwa kasi, waandishi walichukua saa na kikokotoo kumlinganisha na Armstrong. Mwaka 2015, katikati ya mashindano, mtazamaji mmoja alimmwagia kikombe cha mkojo huku akimwita mla dawa. Mwenzake wa timu, Richie Porte, alisema naye alipigwa ngumi na mtazamaji.

Walimshuku kwa hoja ipi? Hoja kubwa ilikuwa kwamba alibadilika ghafla. Hadi katikati ya mwaka 2011 alikuwa mwendeshaji wa kawaida, kisha katika mashindano ya Hispania ya mwaka huo akaibuka wa pili. Froome alieleza kwamba mwishoni mwa mwaka 2010 aligundulika kuwa na kichocho, akaanza matibabu. Huko Ulaya wapo walioicheka sababu hiyo. Walidhani ni ugonjwa wa kutungwa.

Sisi hatuwezi kucheka. Watoto wetu wamemezeshwa vidonge vya kichocho shuleni, wakipimwa kwanza urefu kwa mti wenye alama ili kujua idadi ya vidonge. Tunayajua malambo na majaruba ya mpunga, na konokono wake. Tunamjua mtoto mwenye kichocho anayesinzia darasani kwa kupungukiwa damu. Sisemi kwamba kichocho kinathibitisha kuwa Froome ni msafi. Nasema tu kwamba jambo linaloonekana ni hekaya mjini Paris, Bukene ni jambo la kila siku. Anayehukumu bila kujua maisha ya anayehukumiwa hukosea kwa urahisi, kama nilivyokosea mimi kwa mchoma mkaa.

Likaja jambo zito zaidi. Septemba 7, 2017, katika mashindano ya Hispania, mkojo wa Froome ulikutwa na salbutamoli nanogramu 2,000 kwa kila mililita, wakati kiwango cha kanuni ni 1,000. Salbutamoli ni dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa pampu, na Froome ana pumu tangu utotoni. Kanuni zinaruhusu kuivuta kwa kipimo, hazikatazi kabisa. Kwa kuwa dawa hiyo haina adhabu ya papo hapo, suala lilipaswa kushughulikiwa kwa siri hadi litolewe uamuzi. Desemba mwaka huo magazeti ya Uingereza na Ufaransa yakalifichua. Kwa miezi zaidi ya sita Froome aliendelea kushindana huku nusu ya dunia ikimwita mwizi, na hata akashinda mashindano ya Italia. Mwanzoni mwa Julai 2018 waandaaji wa Tour de France walikuwa katika mbio za kumzuia asishiriki. Julai 2, 2018, Chama cha Baiskeli cha Dunia, UCI, kikalifunga jalada baada ya shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni kukubali kwamba kipimo kile hakithibitishi kosa.

Wapo waliosema kilichomwokoa ni mawakili wa gharama kubwa. Inawezekana mnyonge asingeweza kujitetea namna ile, na hilo ni tatizo la haki linalostahili mazungumzo yake lenyewe. Lakini hukumu ni hukumu. Mtu aliyefutiwa shitaka hawezi kubaki mshitakiwa katika midomo ya watu milele.

Na bado kisa hiki kina mkia. Yale mashindano ya Hispania ya mwaka 2011, ambayo Froome alikuwa wa pili na ndiyo yaliyoanzisha shaka juu yake, yalishindwa na Mhispania Juan José Cobo kwa tofauti ya sekunde 13. Mwaka 2019, miaka minane baadaye, Cobo alinyang'anywa ushindi kwa sababu kumbukumbu za damu yake, zinazoitwa pasipoti ya kibaiolojia, zilionyesha mambo yasiyo ya kawaida. Ushindi akapewa Froome. Yule aliyenyooshewa kidole ndiye aliyekuwa ameibiwa. Lakini jukwaa lilikuwa limekwisha kuvunjwa, na nderemo za mwaka 2011 hazikuweza kurudishwa.

Ndugu wasikilizaji, asije mtu akadhani nasema tufumbe macho. La hasha. Tazameni mfano wa jirani zetu. Oktoba 2024 Mkenya Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza duniani kwenda chini ya saa 2 na dakika 10. Katika mkutano na waandishi, mmoja alimwuliza awaambie nini watu watakaoona kasi ile ni kubwa mno na kushuku dawa. Wakenya wengi walikasirika, wakamwona mwandishi yule kuwa mtovu wa adabu. Mwaka 2025 Chepngetich alikutwa na dawa iliyopigwa marufuku katika sampuli ya mwezi Machi mwaka huo, naye akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa sampuli ilichukuliwa baada ya mbio zile. Lakini swali halikuwa tusi.

Hapo ndipo ninapoona tofauti iliyopo. Mwandishi yule aliuliza mbele ya mtu, mchana, kwa jina lake, na mwulizwa akapata nafasi ya kujibu. Mimi Bukene nilisema nyuma ya mtu, jioni, na aliyesemwa hakupewa nafasi. Swali humpa mshindi mlango wa kutokea, lakini uvumi humfungia ndani. Tuna msemo tunaoupenda sana: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nadhani ni msemo wa hatari mikononi mwa mvivu, kwa sababu unamwondolea kazi ya kutafuta kama kweli lipo.

Basi tufanye nini? Kanda ya Ziwa na mikoa jirani ina vijana wengi wa baiskeli, na mashindano yenye zawadi za fedha yamekuwa yakifanyika. Penye fedha pana vishawishi, na vidonge vya kuchangamsha havihitaji mganga, vinapatikana kwa njia nyingi. Hapana budi CHABATA na kila mwandaaji wa mbio waandike kanuni zinazoeleweka, wazisome kwa Kiswahili kabla ya mbio kuanza, na waeleze mtu akishukiwa apeleke wapi shaka yake na mshukiwa atasikilizwa na nani. Washindi nao wajue kwamba kukubali kupimwa si kudhalilishwa. Froome mwenyewe alikwenda maabara ya London mwaka 2015, mwili wake ukapimwa na matokeo yakachapishwa. Hayakuwanyamazisha wote, lakini yaliwapa watu kitu cha kubishania kuliko mate matupu.

Na sisi waandishi na wasikilizaji, siku hizi ambapo neno likitoka kwenye simu moja linafika mkoa mzima kabla chai haijapoa, tujiulize kabla ya kusema: nimeona, au nimesikia? Na kama nimeona, nimeona yote?

Mchoma mkaa wa Bukene yupo, na sasa ni mzee mwenye wajukuu. Mwaka jana nilipita kwake. Alinikaribisha kiti, akaniulizia kazi ya redio na hali ya wanangu, na jioni akanisindikiza hadi barabarani akiikokota baiskeli yake. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nikashindwa kuyatoa. Najua huwa anasikiliza kipindi hiki. Mzee wangu, shikamoo. Siku ile nilikuona ukitoka kwa mganga, na niliyaona pia magunia yako ya mkaa. Nilipaswa kuyasema yote mawili.