Njia ya Kwenda na Njia ya Kurudi



Katika ruta nyingi za nyumbani, yaani vile visanduku vyenye vitaa vipepesavyo vinavyotupatia waifai, mna ukurasa mmoja ulioitwa kwa jina la kutisha kidogo, mipangilio ya juu ya njia, nao aghalabu hufunguliwa na watu wa namna mbili: fundi ajuaye alitakalo, na kijana aliyekwisha kujaribu kurasa nyingine zote asifanikiwe. Mpwa wangu alikuwa wa namna ya pili.

Nyumba yetu ni ya ghorofa. Ruta ya chini, ile ipokeayo intaneti kutoka nje, anwani yake ni 192.168.1.1, na kwa kuwa kuta ni nene na mawimbi hayafiki juu, tulitia ruta ya pili ghorofani, nayo ikawa na mtaa wake wenyewe wa anwani, zianzazo na 192.168.2. Intaneti ilifika kote, tukahimidi. Ila printa, ambayo iko juu, haikupata kupokea hata karatasi moja iliyotumwa kutoka chini, ilhali aliyeko juu aliweza kuvifikia vyombo vya chini bila ya taabu.

Sababu ni kwamba ruta ya juu ilikuwa bawabu. Kila barua itokayo ndani, bawabu huyu huifuta anwani ya mwenyewe, akaandika yake ya mlangoni, 192.168.1.2, kisha akakumbuka ni nani aliyeipeleka, ili jibu lirudipo amkabidhi. Ama mgeni asiyeitwa humrudisha, maana hajui ampeleke kwa nani. Desturi hii waliieleza Kjeld Egevang na Paul Francis katika waraka wa Mei 1994, wakati ilipokwisha kuwa dhahiri kwamba anwani za dunia nzima, zisizofika bilioni 4.3, hazitatosha, na mnamo Februari 1996 waraka mwingine, nambari 1918, ukazithibitisha anwani kama hizi zetu kuwa za faragha, atumie mwenye nyumba yeyote popote alipo, mradi zisitoke nje ya mlango wake.

Basi mpwa wangu aliingia ukurasa ule, akaivua ruta ya juu ubawabu, akaiweka katika hali ya kupitisha barua tu pasipo kugusa anwani ya mtu. Papo hapo ghorofani intaneti ikakatika.

“Mjomba,” akaniambia, “nimefungua mlango, nyumba ndiyo imefungika.”

Na alisema kweli. Barua za juu zilikuwa zikitoka na anwani zao halisi, lakini ruta ya chini haikuwa imeambiwa na mtu yeyote kwamba upo mtaa uitwao 192.168.2, hata majibu yalipowasili ikayasukuma nje, kama ifanyavyo kwa kila anwani isiyoijua, yakapotelea huko. Wengi hushughulika na njia ya kwenda, wakasahau kwamba hakuna mazungumzo yasiyo na njia ya kurudi.

Dawa yake ni kuandika njia kwa mkono katika ruta ya chini, nayo yataka mambo matatu: mtaa uendewao, 192.168.2.0, tarakimu 255.255.255.0, zioneshazo kwamba mafungu matatu ya mwanzo ni jina la mtaa na la mwisho ni nambari ya nyumba. Na anwani ya kupitia. Hapa pa tatu ndipo wanapokwama watu. Mpwa wangu aliandika 192.168.2.1, anwani ya ndani ya ruta ya juu, ikakataliwa, na ilistahiki kukataliwa, kwani ni sawa na kumwambia msafiri avuke kwanza mto ndipo akaoneshwe kivuko. Anwani ya kupitia sharti iwe ya upande huu wa mto: 192.168.1.2. Tukaiandika, tukaifunga isibadilike, tukailegeza kidogo kinga ya ruta ya juu, na printa ikatoa karatasi.

Katika ukurasa huo huo mna kitufe cha RIP, ambayo kwayo ruta huambizana njia zenyewe kila baada ya sekunde 30, na ruta ya 16 huhesabiwa kuwa haifikiki. Kanuni yake iliandikwa 1988 kwa ajili ya mitandao mikubwa kuliko nyumba ya familia. Mwenye ruta mbili hana haja nayo.

Lakini nawasihi, ruta ipokeayo intaneti kutoka nje msiivue ubawabu kamwe, kwani anwani za faragha hazipokelewi huko, na nyumba nzima itakatikiwa. Na asiyehitaji mitaa miwili asiuguse kabisa ukurasa huu: azime ugawaji wa anwani katika ruta ya juu, aipe anwani isiyogongana na ya chini, kisha waya autoe katika tundu la intaneti autie katika mojawapo ya matundu ya kawaida. Akishindwa hata hapo, basi angalau, kabla ya kubadili lolote, ayanakili katika karatasi yale aliyoyakuta.