Kadhi Aliyeshika Kalamu: Maisha na Utumishi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Hii ni hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu mbele ya wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa.



Nimeombwa nizungumze juu ya hakimu mmoja wa hapa kwetu. Nimemchagua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kwa sababu vijana wengi wanalijua jina la mwanawe, Profesa Ali Mazrui, lakini baba hawamjui.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Babake, aliyekuwa mwanachuoni, alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa masheikh wakubwa wa wakati ule, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir.

Kabla ya kukalia kiti cha kadhi, alishika kalamu. Mwaka wa 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, lililoandikwa kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mwaka wa 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwaambia watu wa Mombasa mambo ambayo hawakupenda kuyasikia: kwamba wanamaliza mali kwa harusi na matanga, na kwamba wanaachwa nyuma katika elimu, wavulana kwa wasichana. Makala hayo yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Mwaka huo wa 1932 aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka wa 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alitumikia cheo hicho mpaka alipofariki mwaka wa 1947. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, nao walikuja kuwa Makadhi Wakuu baada ya uhuru.

Ndugu zangu, mahakama aliyoitumikia Sheikh ipo hadi leo. Makubaliano ya Oktoba 1963, baina ya serikali ya Kenya na ya Zanzibar, yaliahidi kuwa mahakama za makadhi zitadumu. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 170, inazipa kazi ya kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa na kadhi. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama Kuu. Mahakama hizi ziko chini ya Idara ya Mahakama ya taifa, si serikali ya kaunti.

Sasa niwape kisa. Mtaani nilikokulia, jirani yetu alifariki akaacha mjane, wana watatu na binti mmoja. Kulikuwa na nyumba ya vyumba sita. Kila akitajwa kadhi, wakubwa walisema, "Tungoje arubaini ipite." Arubaini ikapita, mwaka ukapita, ikawa miaka kumi na minane. Kaka mkubwa akawa ndiye apokeaye kodi peke yake. Mama akafariki bila kuonja haki yake. Walipokwenda kortini hatimaye, hawakuwa na cheti cha ndoa ya wazazi, na mashahidi wote walikuwa wamezikwa. Yule dada leo hasemi na kaka zake.

Hakuna aliyewadhulumu ila kuchelewa. Sheria yenyewe haina fumbo: hutolewa kwanza gharama za mazishi na madeni; wasia hauzidi theluthi moja; kinachobaki hugawiwa warithi. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto ana thumni yake. Binti ana fungu lake pia, wala si hisani ya kaka.

Kwa hivyo nawaomba, msingoje. Wekeni pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati za nyumba au shamba. Mkifiwa, chukueni cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, mwende mahakamani mkiwa bado mnakula sinia moja.

Sheikh Al-Amin alikuwa kadhi, lakini aliandika gazeti ili watu wazijue haki zao kabla ya kufika mbele yake. Mkitaka kumuenzi, mtu asitoke hapa leo akaifungia karatasi ya mamake kabatini. Mwonyesheni binti zenu nao ziliko.