Gari Likirudi na Ubovu Mpya Kutoka Gereji

(Hotuba iliyotolewa mbele ya madereva, mataniboi na mafundi katika mkutano wa tawi. Twaichapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini.)



Jambo tulilo nalo si geni kwa yeyote aliyewahi kushika usukani wa gari la tajiri. Gari lilikuwa na ubovu mmoja. Likapelekwa gereji ya wale waliouza gari lenyewe, likakaa siku nne, likarudi limeoshwa, na bili ndefu imewekwa juu ya kiti. Dereva akalipakia mzigo Mombasa, na kabla hajafika Mtito Andei likaonyesha ubovu mwingine ambao halikuwa nao tangu hapo. Ndipo maneno huanza. Tajiri asema, "Gari limetoka kwa wenyewe nami nimelipa, basi ubovu huu ni wako." Gereji nayo yasema, "Gari lilitoka kwetu likiwa zima." Dereva yuko katikati, na mkononi hana hata karatasi moja.

Mwenzetu mmoja alipatwa na jambo hili hasa. Lori lake lilifanyiwa kazi ya breki za nyuma, magurudumu yakafunguliwa na kurudishwa. Siku ya kwanza aliona gari linatikisika kidogo, akamwambia msimamizi kwa mdomo. Msimamizi akamjibu aendelee, mzigo unangojewa. Siku ya pili nati zikalegea, vyuma vyake vikakatika, gurudumu likatoka. Kwa bahati hakuna mtu aliyeumia. Tajiri akataka kumkata gharama yote. Tulikaa naye mezani mara tatu, na mwisho akakubali kukata nusu. Nusu ile bado yatuudhi, maana yule ndugu alitoa habari mapema, lakini msimamizi alikana, na neno la mdomo halikuwa na shahidi.

Ndugu, kwanza twataka muelewe kwa nini ubovu hutokea baada ya matengenezo. Wengi hudhani gereji kubwa yenye mashine za kupimia na mafundi wenye vyeti haiwezi kukosea. Gereji kubwa ina haraka kama gereji ndogo, na pengine zaidi, kwa kuwa kila kazi imewekewa saa zake na fundi huulizwa amemaliza magari mangapi. Basi mahali pa kutazama kwanza ni pale palipoguswa, na jirani ya pale palipoguswa.

Tuchukue magurudumu. Likisha kufunguliwa na kufungwa, gurudumu hukaa upya juu ya chuma chake. Kama katikati kulikuwa na kutu, uchafu au rangi mpya, vitu hivyo husagika gari likienda, na nati ambayo ilikazwa sawasawa hubaki imelegea. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa malori hutaka nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Dereva aliyetoka gerejini Nairobi asingoje afike Malaba. Asimame njiani mahali pa salama, azipitie nati zote kwa spana. Akiona mistari ya kutu inatoka kwenye nati, au chuma kinang'aa pembeni yake, hiyo ni nati inayocheza.

Breki ni hivyo hivyo. Kwa gari dogo linalotumia mafuta ya breki, pedali ikiwa laini kama sponji, au ikizama mpaka uikanyage mara mbili, mara nyingi kuna hewa iliyobaki ndani ya paipu. Kwa lori la breki za upepo, zima injini upepo ukiwa umejaa, tazama geji, na usikilize. Sindano ikishuka mbele ya macho yako kuna mahali panavuja. Ukisha kwenda mwendo mfupi shuka, usogeze mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lile lenye joto kuliko wenzake breki yake imeng'ang'ana. Haya yafanywe kabla ya kuteremka Sachangwan, maana kule si mahali pa kujaribia breki.

Halafu oili. Filta ya oili ina mpira wake wa mviringo. Fundi akitoa filta ya zamani, mpira wake wa zamani waweza kubaki umegandamana na injini. Akifunga mpya juu yake, mipira huwa miwili, na injini ikipata nguvu oili humwagika kwa wingi. Kwa hiyo mwache fundi awashe injini mbele yako kwa dakika chache, kisha uiname utazame chini ya filta na chini ya nati ya kumwagia oili. Pima oili mwenyewe kwa kijiti chake. Kuzidi kipimo nako ni ubovu.

Rejeta au thamostati ikiwa imebadilishwa, hewa yaweza kukwama ndani ya njia za maji, na geji ya joto hupanda ingawa maji yanaonekana kujaa. Na kama kichwa cha lori kiliinuliwa ili injini ifikiwe, hakikisha kimefungwa sawasawa kabla ya kuondoka. Hilo hatulielezi zaidi.

Kwa magari ya siku hizi kuna habari ya umeme. Waya mwembamba unaopima mwendo wa gurudumu hupita karibu kabisa na pale breki na beringi zinapofunguliwa. Ukivutwa, taa ya ABS huwaka. Jueni pia kwamba kompyuta ya gari huandika ubovu ndani yake kwa namba, nayo gereji yaweza kuzifuta namba hizo. Basi taa ikiwaka, piga picha ya dashibodi kwa simu pale pale, pamoja na hesabu ya kilomita, na gari likirudishwa omba namba hizo zichapishwe kabla hazijafutwa. Betri ikiwa ilifunguliwa, injini yaweza kunguruma bila mpango kwa muda mfupi mpaka kompyuta ijifunze tena. Hilo si lazima liwe ubovu.

Hapa yafaa tuseme kweli yote. Si kila ubovu unaofuata matengenezo ni kosa la gereji. Rejeta mpya ikishika maji kwa nguvu, paipu ya mpira iliyokuwa imechoka hupasuka, kwa sababu sasa inapata msukumo ambao haikuwa ikiupata rejeta ya zamani ilipokuwa ikivuja. Pengine gereji ilimwandikia tajiri kwamba paipu nazo zibadilishwe, naye akakataa ili kupunguza bili. Kwa hiyo ombeni kuona bili yenyewe, hasa yale maneno ya chini ambayo hayasomwi. Mara nyingi jibu limo humo.

Basi dereva afanye nini? Asipokee gari kwa kutupiwa ufunguo getini. Alizunguke akiwa na fundi, aliendeshe mwendo mfupi fundi akiwa kando yake, kisha aandike katika kitabu chake tarehe, saa, kilomita, na lililoonekana. Akiona ubovu aeleze gari linafanya nini, wala asiseme ni kitu gani kimeharibika. Ukisema "giaboksi imekufa" watafungua giaboksi na kukubishia. Sema hivi: "Likiwa limepata moto, kwa gia ya nne, mwendo wa 60, lalia upande wa kushoto, na ukikanyaga klachi sauti yaisha." Hayo fundi ayaelewa, na huwezi kubishiwa uliyoyasikia.

Habari iende kwa msimamizi siku ile ile kwa maandishi. Ujumbe wa simu ni maandishi; usiufute. Akijibu "endelea tu," jibu lake nalo libaki. Lakini geji ya joto ikiwa imefika juu, au breki hazishiki, usiendelee kwa ajili ya maneno ya mtu yeyote. Injini ikipasuka kwa kuendeshwa na moto, gereji itasema ubovu ule wa pili ni wa dereva, na hapo hata sisi tutapata taabu kukutetea. Wala usimwite fundi wa jua kali afungue pale palipofanyiwa kazi. Si kwamba hajui, wengi wao wajua sana, bali gereji itapata la kusema: gari limeguswa na wengine. Ikiwa hakuna njia nyingine, pigeni picha kabla na baada, na spea iliyotolewa itunzwe.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika pale tu uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na akate kiasi cha haki. Nati zilizolegezwa na fundi wa gereji si makusudi ya dereva. Kabla ya kufukuzwa kwa kosa, kifungu cha 41 chataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha aijuayo na asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007 pia, yamtaka mfanyakazi atoe habari ya hatari kubwa aionayo, na yamzuia mwajiri kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Ama gereji, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yaitaka kazi inayouzwa iwe ya ubora unaokubalika, nayo ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Kwa hiyo tajiri ana mlango wa kubisha, nao si mfuko wa dereva wake. Tumwambie hivyo kwa adabu, na tumsaidie kuubisha kwa kumpa maandishi yetu.

Neno moja kwa ndugu mafundi, maana wako hapa na tumewaona wakitikisa vichwa. Hatukuja kuwashitaki. Fundi aliyepewa magari sita kwa zamu moja ni mfanyakazi kama sisi, na gari likirudi yeye naye huandikiwa barua. Dereva akienda gerejini kupiga kelele, anayeumia ni yule mwenye mikono michafu, siye aliyepanga idadi ya magari. Nendeni kwa msimamizi wa gereji, mkamwombe yule yule aliyeifanya kazi alitazame gari tena, kwa kuwa ndiye ajuaye alichofungua. Nanyi mafundi, mkilazimishwa kutoa gari kabla halijajaribiwa, andikeni hivyo kwenye kadi ya kazi.

Vitabu vidogo vya kuandikia habari za magari vimekwisha kuletwa, vyenye karatasi ya nakala, moja ya msimamizi na moja ya kubaki kwako. Viko kwa wawakilishi wa kila depo. Madereva wa safari za usiku ambao mwakilishi wao hupatikana mchana tu wapite ofisi ya tawi Jumamosi kabla ya saa saba.