Siku Mbili Katika Mji wa Lisbon

Mgeni apataye siku mbili tu mjini Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na apande kwanza kilimani mpaka kanisa la Carmo. Ukumbi wake mkuu hauna paa. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi, kisha mawimbi ya bahari na moto, viliuangamiza mji. Bondeni zikajengwa njia mpya zilizonyoka. Kanisa likaachwa gofu.

Chakula ni bacalhau, samaki mkavu wa chumvi atokaye bahari za kaskazini. Ajabu kwa mji ulio karibu na bahari yake wenyewe, lakini ni mtamu.

Siku ya pili apande tramu kwenda Belém, akale keki ndogo za mayai na maziwa, zingali moto. Zauzwa huko tangu 1837. Kisha aingie kanisa la Jerónimos, lenye kaburi la Vasco da Gama. Mtu wa Malindi atasimama hapo zaidi ya wengine, kwa kuwa mwaka 1498 rubani aliyepatikana Malindi ndiye aliyemwongoza Mreno huyo mpaka Bara Hindi. Rubani hana kaburi humo, wala jina lake halijulikani kwa hakika.