Chuo Kilichodai Mazungumzo
Vita vya El Salvador vilipopamba moto miaka ya 1980, padri Ignacio Ellacuría, mkuu wa chuo kikuu cha UCA mjini San Salvador, alishikilia kwamba serikali na waasi wakae mezani. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa wapatanishi waliofanikisha kuachiwa kwa binti wa Rais Duarte, aliyetekwa na waasi. Ni kazi nzito, na msomi anayeaminiwa na pande zote mbili huiweza.

Aliilipia kwa damu. Usiku wa kuamkia Novemba 16, 1989, wanajeshi waliwaua mapadri sita, yeye akiwemo, pamoja na mpishi na bintiye.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Mexico, Januari 1992. Pale kwenye nyasi mapadri walipopigwa risasi, mume wa mpishi alipanda mawaridi.